Nani aliinyamazisha simu ya mezani?

Swali la msomaji, Tanga: "Shikamoo mzee. Marehemu baba yetu aliwekewa simu ya mezani mwaka 1986, ile ya kuzungusha, na mpaka leo ipo sebuleni juu ya kitambaa alichofuma mama. Ni miaka sasa haina sauti, tangu wezi walipokata waya wa mtaa wetu. Ndugu zangu wanasema simu za mkononi zimeshaziua za waya, tuitoe tu, inajaza vumbi. Mama hataki. Je, ni kweli simu ya mkononi ndiyo iliyoiua? Na kuna faida yoyote kuifufua?"

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mama salamu zangu, na uwaombe ndugu zako wasiiguse kwanza. Nitafika kwenye swali lako la pili, lakini haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza.

Mimi nimeifanya kazi ya simu tangu enzi za Shirika la Posta na Simu. Nilianzia juu ya nguzo na mkanda kiunoni, nikamalizia ndani ya mtambo, yaani kituo cha kuunganishia simu za mji. Kwa hiyo neno "kuua" limenigusa. Ndugu zako wana sehemu ya ukweli. Ila huwezi kuua kitu mahali ambapo hakijawahi kufika, na simu ya waya haikuwahi kuwafikia Watanzania walio wengi.

Tazama hesabu zenyewe. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani kama 173,000, na za mkononi kama 110,000. Mwaka 2001 za mezani zikapanda kidogo, zikafika kama 177,000, lakini za mkononi zikaruka hadi zaidi ya 275,000. Hapo ndipo zilipopishana, na hazikukutana tena. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Gawanya mwenyewe: laini moja ya waya kwa watu karibu mia mbili! Na hiyo laini moja mara nyingi ilikuwa ofisini Dar es Salaam, haikuwa nyumbani kwa mtu Korogwe au Pangani. Baba yako alikuwa katika kundi dogo sana la watu.

Sasa ruka hadi 2008. Za mkononi zimepita milioni 13. Za mezani zimeshuka hadi kama 124,000. Waliopungua kwenye waya ni kama elfu hamsini na kitu. Hao unaweza kusema walihama. Lakini hizo milioni 13 hazikutoka kwenye waya. Kweli, hesabu ya laini si hesabu ya watu, kwa sababu wengi wetu tuna laini mbili au tatu. Hata ukipunguza kwa nusu, bado ni mamilioni ya watu walioshika simu kwa mara ya kwanza maishani mwao, na simu hiyo haikuwa na waya. Hawakuiacha simu ya mezani. Hawakuwahi kuwa nayo.

Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini waya haukufika katika miaka yote ile kabla ya mnara wa kwanza kusimama. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi yangu ilipokuwa.

Simu ya baba yako inahitaji nyaya mbili za shaba zilizosokotwa pamoja. Sisi tuliziita jozi. Jozi hiyo ni ya kwenu peke yenu. Inaanzia mtambo wa simu mjini, inaingia ndani ya kebo nene yenye mamia ya jozi chini ya ardhi, inatokeza kwenye kabati la chuma pembeni mwa barabara, kutoka kabati inapanda nguzo, na kutoka nguzo inavuka hewani hadi kwenye ukuta wa nyumba yenu. Jirani yako naye ana jozi yake, hivyo hivyo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila nyumba ina barabara yake binafsi ya shaba. Mnazungumza dakika kumi kwa siku, na saa zote zilizobaki shaba hiyo imelala, lakini imeshanunuliwa kwa fedha za kigeni, imeshachimbiwa mtaro, na maji ya mvua yanaitafuta. Kiungo kimoja kikiingia maji, mtaa mzima unasikia mikwaruzo, na fundi anashinda shimoni na taulo na taa ya gesi akitafuta ni jozi ipi imegusana na ipi.

Miaka ya themanini fedha za kigeni zilikuwa shida kuu ya nchi. Kebo, vifaa vya mtambo, hata vipuri vidogo, vyote vilitoka nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na pamoja nayo shirika la pamoja la posta na simu la nchi tatu. Kila nchi ilibeba kipande chake na kuanza upya. Kwa hiyo mtambo uliojaa ulibaki umejaa. Mtu alijaza fomu akangoja, na wengine walingoja miaka. Baba yako kupata laini mwaka 1986 ni jambo la kuadhimishwa, na naelewa kwa nini mama aliifumia kitambaa.

Mnara wa simu za mkononi unafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Masafa ya redio hayana mwenyewe. Ukibonyeza kupiga, mnara unakupa nafasi. Ukikata, nafasi ile ile anapewa mwingine aliye barabarani, mwingine aliye sokoni, mwingine aliye kwenye basi la Muheza. Katika mfumo wa GSM, ambao ndio ulioenea kwetu, mkondo mmoja wa masafa hukatwa vipande vinane vya muda, na watu wanane huzungumza humo kwa zamu za haraka mno hata sikio lisitambue. Kwa kuwa si wote wanaozungumza saa moja, mnara mmoja unaweza kuhudumia maelfu. Hakuna mtaro wa kwenda kwa kila mlango, wala nguzo ya kwenda kwa kila dari. Mteja mpya wa waya alikuwa na gharama mpya ya waya. Mteja mpya wa mnara, ilimradi mnara haujajaa, anahitaji kadi ndogo tu ya laini. Ukiielewa tofauti hiyo, sehemu kubwa ya habari hii umeimaliza.

Lakini si yote. Kulikuwa na jambo la malipo, na kwa maoni yangu hili lilikuwa na nguvu kuliko ufundi.

Simu ya waya ilitaka uaminiwe kwanza. Ulilipa amana na gharama ya kuunganishiwa, halafu kila mwezi ukalipa kodi ya laini hata kama hukupiga hata mara moja, na mwisho wa mwezi bili ikaja kwa mazungumzo yaliyokwisha kupita. Mtu mwenye mshahara wa serikali aliweza. Mvuvi wa Deep Sea, hapo kwenu Tanga, ambaye leo kapata na kesho hakupata, hakuweza, na hata kama angeweza, nani angempa mkopo wa mazungumzo? Anwani yenyewe ilikuwa shida, maana simu ya waya ilihitaji nyumba inayojulikana na mtu anayepatikana pale.

Na bili iligombanisha nyumba. Nadhani hata kwenu kilikuwepo kile kifuli kidogo kilichofungwa kwenye tundu la diski, lile gurudumu la kuzungushia namba, ili pasipatikane wa kuzungusha. Nakumbuka mzee mmoja aliniita nimpimie laini yake. Ana kufuli, ufunguo analala nao, na bili haipungui. Nikamwomba aniruhusu nimwonyeshe kitu. Diski ya simu, unapoiachia irudi, kazi yake ni kukata na kuunga mkondo kwa haraka. Ukizungusha 5 inakata mara tano, ukizungusha 0 inakata mara kumi. Mtambo unahesabu mikato hiyo, basi. Haujui kama imekatwa na diski au na kitu kingine. Nikaigongagonga kwa kidole ile sehemu ya kuwekea mkono wa simu, mara tano, nikatulia, mara mbili, nikatulia, mpaka namba ikaisha, na simu ikalia upande wa pili, kufuli likiwa mahali pake. Mzee alinitazama, akageuka kuwatazama wanawe waliokuwa wamesimama mlangoni. Wote walitazama sakafu.

Vocha iliuondoa ugomvi huo. Ulilipa kwanza, ukazungumza baadaye, na fedha ikiisha simu inanyamaza bila deni. Tena kupokea ni bure, anayepiga ndiye anayelipa. Na mtu asiye na kitu kabisa aliweza kubipu: alipiga, ikalia mara moja, akakata, na mwenye nafasi akampigia. Mfumo wa waya haukuwa na mlango wa mtu kama huyo. Mfumo wa mnara ulimfungulia, na alipoingia yeye, wakaingia mamilioni.

Haikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, nisikudanganye. Mobitel ilipoanza mwaka 1994, simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wafanyabiashara wakubwa na wakuu wa mashirika. Mwaka huo huo wa 1994 ndipo TTCL, kampuni ya simu za waya Tanzania, ilipoanza kazi, baada ya Posta na Simu kutenganishwa. Utaona kwamba kampuni ya waya na kampuni ya kwanza ya mkononi zinakaribiana umri. Kwa miaka kadhaa wala hazikuonekana kama washindani. Mabadiliko yalikuja ushindani ulipokuwa mkali: Zantel mwaka 1999, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Bei zikashuka, vocha zikawa ndogo ndogo, na simu zilizotumika zikajaa Kariakoo.

Kuna sehemu ya habari hii inayosahauliwa. Februari 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Novemba mwaka huo Celtel ikaanza kutoa huduma nchini ikiwa tawi la TTCL yenyewe. Yaani nyumba ya waya ndiyo iliyomzaa mmoja wa hao watoto wa hewani. Mwaka 2005 wakatenganishwa. Mtoto akaenda na soko lililokuwa linakua, mzazi akabaki na shaba na nguzo. Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Hisa zile za TTCL ziliendelea kushikwa na wageni mpaka mwaka 2016, serikali iliporudisha umiliki wote. Mimi naamini kwamba utengano ule uliiumiza simu ya waya kuliko mnara wowote, kwa sababu fedha za kukarabati mtandao wa waya zingeweza kutoka kwenye faida ya mkononi. Wenzangu wengine hawakubaliani nami, wanasema mtandao ule ulikuwa umeshapitwa na wakati hata ungemwagiwa fedha. Tumebishana juu ya hili mara nyingi na bado tunabishana.

Kenya mambo yalikwenda kwa njia inayofanana na yetu. Safaricom ilizaliwa ndani ya shirika la posta na simu la Kenya. Shirika lenyewe likagawanywa mwaka 1999, simu za waya zikaenda Telkom Kenya, na mwaka 2000 Vodafone ikachukua asilimia 40 ya Safaricom. Waya wa Kenya ulikuwa umetutangulia, ulifika laini kama laki tatu na kitu ulipokuwa umeenea kabisa, lakini mwisho wake haukutofautiana na wetu. Mwaka 2007 asilimia 51 ya Telkom iliuzwa kwa France Telecom. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya, na Aprili 2008 ikaanza kwetu kupitia Vodacom. Kuanzia hapo simu ilikuwa pia mkoba wa fedha, na mkoba hauwezi kufungwa ukutani kwa waya.

Sasa nije kwa wezi wenu.

Bei ya shaba duniani mwaka 2003 ilikuwa chini ya dola 2,000 kwa tani. Mwaka 2006 ikapita dola 8,000. Mtu mwenye msumeno na gunia hakuhitaji kusoma magazeti ya biashara kulijua hilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alimwambia. Nimeshuhudia mtaa ambao tuliurudishia kebo Ijumaa, na Jumatatu mashimo yalikuwa wazi tena. Kebo ya jozi mia ikikatwa, nyumba mia zinanyamaza kwa usiku mmoja, na mwizi anaondoka na kilo chache alizozichoma plastiki yake kichakani. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu ile kebo tuliiunga jozi moja baada ya nyingine, kwa mikono.

Hapo kampuni za waya zikafanya hesabu ambayo hata mimi ningeifanya. Kurudisha shaba mtaani, ambako nusu ya wateja wameshanunua simu za mkononi, ni kuwalisha wezi. TTCL na Telkom Kenya zote zikageukia simu za mezani zisizo na waya, zilizotumia mfumo wa CDMA. Zilikuwa na umbo la simu ya mezani, zina antena mgongoni, na zinapata mawimbi kutoka mnarani. Ziliwafaa watu kwa muda. Lakini fikiria: mara simu ya mezani ilipoacha waya, ilibaki na faida gani juu ya simu ya mfukoni?

Na faida zilikuwepo. Waya ulikuwa na mambo mawili ambayo nayakumbuka kwa heshima. La kwanza ni umeme. Simu ya baba yako haichomekwi ukutani kwa umeme wa nyumba. Inalishwa volti 48 kutoka kwenye betri za mtambo, kupitia ile ile jozi ya kuzungumzia, na mtambo una jenereta nyuma ya betri. Mji mzima ukizima, ukiinua mkono wa simu unasikia ule mlio mrefu wa kukukaribisha upige. Hospitali na polisi walitegemea mlio huo. La pili ni kwamba namba ilikuwa ya mahali. Kwenye karatasi za zamani za baba utakuta imeandikwa 053, tarakimu za mwanzo za simu za Tanga wakati ule, ambazo baadaye zilibadilishwa kuwa 027 kama vile 051 ya Dar es Salaam ilivyogeuzwa kuwa 022. Ukipiga namba ile unaipigia nyumba, na yeyote aliyepo anapokea. Leo namba ni ya mtu, imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, inatembea naye, na akifa inakufa naye. Zahanati nyingi leo zinaandika ubaoni namba ya mkononi ya mtumishi mmoja. Akihamishwa, mgonjwa anapiga Tanga anapokelewa Sumbawanga. Hili silioni kuwa jambo dogo, na sielewi kwa nini halizungumzwi zaidi.

Si sisi tu tunaofunga mlango huu. Uingereza inauzima mtandao wake wa zamani wa simu za shaba. Tarehe ya mwisho ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa hadi Januari 2027, na sababu kubwa ya kusogeza ni wazee wanaoishi peke yao wakiwa na kile kitufe cha shingoni cha kuomba msaada, ambacho kimeunganishwa na laini ya waya. Kama una ndugu huko mwenye mzazi au jirani mzee, mkumbushe aulizie kitufe hicho mapema. Kule wana jambo la kupoteza kwa sababu waya ulikuwa umeingia kila nyumba.

Halafu nataka ndugu zako walijue jambo moja zaidi kabla hawajasema waya umekufa. Ile simu iliyo mfukoni mwao haina waya kwa umbali wa kutoka mkononi mwao hadi mnarani tu. Baada ya hapo sauti yao inashuka kwenye mnara, na minara mingi ya mijini inaingiza mazungumzo yake kwenye faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo. Faiba inaunganishwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ulianza kujengwa mwaka 2009 na unaendeshwa na TTCL ile ile ya waya. Mkongo wa taifa nao unaungana na nyaya za baharini: SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipopata hitilafu karibu na Afrika Kusini, intaneti iliyumba Tanzania na nchi jirani, na watu walioshika simu zisizo na waya wakakosa huduma kwa sababu ya waya uliokatika chini ya bahari maelfu ya kilomita mbali. Pwani yetu inaijua njia hii zamani. Waya wa simu za maandishi kutoka Aden uliingia Zanzibar chini ya bahari mwaka 1879.

Kilichokufa, basi, ni shaba ya kuelekea mlangoni. Waya wa kioo unaendelea kutandazwa, na sasa unarudi hadi nyumbani. Siri ya kurudi kwake ni kwamba umejifunza tabia ya mnara: uzi mmoja wa faiba unatoka mtamboni, unagawanywa njiani kwa kifaa kidogo kisichohitaji umeme, na nyumba 32 au zaidi zinautumia kwa pamoja. Barabara moja, wasafiri wengi. Na mwizi akiukata, hapati shaba ya kuuza. Wengine huukata kwanza ndipo wagundue, hasara inabaki ile ile kwa mteja, lakini angalau hawarudi mara ya pili.

Nije nyumbani kwenu.

Kwanza hakikisha kama laini imekufa kweli. Mwombe fundi umeme wa mtaani mwenye mita apime kwenye nyaya mbili zinazoingia kwenye kisanduku cha simu, simu ikiwa imechomolewa. Akisoma volti kama 48 au 50, mtambo bado unawatambua, na tatizo ni simu yenyewe au waya wa ndani. Akisoma sifuri, laini imekatika au imefungwa huko mbele. Kwa maelezo yako nategemea sifuri, lakini kupima ni dakika tano.

Ikiwa ni sifuri, usingoje shaba irudi. Nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu ukiwa na bili ya zamani au karatasi yoyote yenye namba na jina la baba, pamoja na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi kama mnayo. Ulizia mambo matatu: je, akaunti bado ina deni au kodi inayojihesabu, je, namba ile bado ipo au ameshapewa mwingine, na je, faiba imefika mtaani kwenu. Kama akaunti iko wazi na hamuihitaji, omba ifungwe kwa maandishi na mpewe nakala. Nimeona familia zikisumbuliwa na madeni ya laini ambayo haikuwahi kulia kwa miaka.

Kama faiba imefika, sasa linakuja lile nililokuahidi. Kile kisanduku cha faiba wanachofunga ukutani mara nyingi kina tundu dogo la simu nyuma yake. Tundu hilo linatoa umeme mdogo na mlio kama wa mtambo wa zamani. Simu ya baba ikibadilishiwa kichomeo kuwa kile kidogo cha plastiki, itaingia humo. Vifaa vingi vya siku hizi haviielewi diski, havihesabu ile mikato, kwa hiyo usitegemee mama azungushe namba apige. Lakini kupokea ni jambo jingine. Kengele ya chuma iliyomo ndani italia, na sauti itasikika vizuri kuliko mwaka 1986, kwa kuwa hakuna mikwaruzo ya maji njiani. Muulize mtoa huduma kama huduma ya sauti imo kwenye kifurushi chako na utapewa namba gani. Kama ya zamani ipo, iombe. Kumbuka tu kwamba umeme ukikatika kisanduku kinazima na simu nayo, hivyo nunua betri ndogo ya akiba ya kukichomekea.

Kama faiba haijafika, kuna simu za mezani zenye namba kubwa za kubonyeza na nafasi ya kadi ya laini ndani yake. Kwa mzee ambaye kioo cha kugusa kinamsumbua, ni kifaa kizuri sana: kinakaa mahali pamoja, hakipotei kwenye kanga, na chaji yake inakaa. Iweke juu ya meza ile ile, na ya baba ibaki pembeni yake. Usimruhusu mtu aipake rangi wala kufungua diski yake. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kikombe cha kuzungumzia kifunguliwe taratibu, chembe za kaboni zilizo ndani huganda kwa unyevu wa bahari. Gonga mkono wa simu polepole kwenye kiganja mara chache, zitaachana.

Ikiwa mtaunganisha ya baba kwenye faiba, siku fundi akiondoka usimwambie mama kitu. Toka nje, simama barabarani, mpigie, na uiache ilie mara tatu au nne mpaka aifikie.